Pingili moja ya mgongo inatosha kutoa jina jipya?

Mdogo wangu wa Lindi, umeuliza kama kipande cha pingili ulichokiona karibu na Tendaguru, kilima kinachojulikana kwa mifupa ya dinosaria, kinatosha kutangaza spishi mpya. Kinatosha iwapo tu kina alama isiyopatikana kwa mnyama mwingine anayejulikana. Ukubwa peke yake si alama. Hata mabingwa hurekebishana: yule mjusi wetu mkubwa, dinosaria wa Tendaguru aliyeko Berlin, aliitwa Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Mwaka 2009, baada ya kulinganishwa mfupa kwa mfupa na mwenzake wa Marekani, akatengwa kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Giraffatitan, ila jina lake la spishi, brancai, likabaki.

Nakusihi, usiung'oe mfupa! Mwamba unaouzunguka ndio unaoeleza umri wake. Piga picha ukiweka rula pembeni, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji ili iwafikie watu wa Mambo ya Kale.