Usianze na Pumzi: Kwa Mnasihi Anayeanza

Ukitoka mafunzoni unakuja na mfuko umejaa mbinu, na zote zinakuwasha mkononi. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Mteja wangu wa kwanza mwenye msongo wa mawazo hajamaliza hata kueleza kilichomleta, nikamwambia afumbe macho, aweke mkono tumboni, avute hewa taratibu. Alifanya vizuri tu. Alipofumbua macho akaniuliza: "Sasa nikirudi kazini, na bosi naye nimwambie afumbe macho?" Tulicheka wote, ila mimi nilicheka kwa aibu.

Tiba niliyoijia baadaye, na ninayoitumia mpaka leo, ni ile ambayo wengi tunaiita chanjo ya msongo. Aliyeiunda, miaka ya 1970, ni Donald Meichenbaum, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Wazo lake ni lile la chanjo yenyewe: mwili ukionjeshwa kidogo cha ugonjwa hujifunza kupambana nao kabla haujaja wenyewe. Mteja naye huonjeshwa msongo mdogo anaoumudu, akiwa na silaha mkononi, kisha dozi inapanda. Hatua ni tatu: kuelewa tatizo, kujifunza stadi, halafu kuzitumia. Kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 15, ingawa kwa mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji imewahi kufanywa hata kwa dakika 20.

Hatua ya kwanza ndiyo wanasihi wapya huiruka, kwa sababu inaonekana kama maongezi tu. Usiiruke. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza mwaka 1984 kwamba msongo haukai kwenye tukio peke yake. Mtu hujiuliza mambo mawili karibu kwa pamoja: hili linanitishia nini, na nina nini cha kulikabili? Kazi yako hapa ni kuyapata majibu ya huyu mteja, si ya kitabu. Mimi humwomba anisimulie tukio moja la wiki hii polepole, kama anayetazama video na kuisimamisha kila mara. Hapo ulisikia nini mwilini? Ulijiambia nini? Ukafanya nini baadaye?

Mteja mmoja (nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike) alisema anaogopa kikao cha kila Jumatatu anapowasilisha ripoti. Tulipoisimamisha video yake, kumbe woga haukuanza kikaoni. Ulianza Jumapili jioni alipofungua kompyuta, ukakaa naye usiku kucha. Kikao chenyewe kilikuwa dakika kumi. Tungekimbilia pumzi, tungetibu dakika kumi na kuacha saa kumi na mbili.

Kwenye stadi sina mengi. Kupumua, kukaza na kulegeza misuli kwa utaratibu uliotokana na daktari Edmund Jacobson, kugawanya tatizo vipandevipande, kumpigia rafiki. Hayo utayapata popote. Ninalotaka ushike ni maneno ambayo mtu hujisemesha. Meichenbaum aliyagawa kwa nyakati nne: kabla ya tukio, likiwa limekukabili, pale unapohisi yamekufika kooni, na baada ya kupita. Hiyo ya nne ndiyo husahaulika. Mteja anavuka salama, halafu anajitukana kwa sababu sauti ilitetemeka.

Na maneno lazima yawe yake. Nilimwandikia mteja wa ripoti sentensi nzuri kwenye kikaratasi, ya kumwambia apige moyo konde. Akakisoma kwa adabu, akakikunja. Wiki iliyofuata nilimpa kalamu. Kwa wakati ule wa tatu aliandika: "Natetemeka, lakini ukurasa wa pili naujua." Mimi nisingeitunga sentensi hiyo hata kwa mwezi, na ndiyo iliyomshika.

Kisha dozi. Tumia kipimo cha daktari Joseph Wolpe, 0 (ametulia kabisa) hadi 100 (amezidiwa kabisa), mteja akisema mwenyewe yuko wapi. Tulianza kwa kusoma ripoti kwa sauti mlango umefungwa, akasema 30. Halafu nikawa namkatiza kwa maswali. Halafu nikajifanya bosi ninayechezea simu wakati yeye anaongea; hapo alipanda hadi 65, akanyamaza, akagusa mfuko wa shati penye karatasi, akaendelea. Sikumsifu papo hapo. Nilisubiri amalize, nikamuuliza ni nini alichofanya pale aliponyamaza, ili ajue ni yeye aliyejitoa, si mimi.

Nimewahi kukosea dozi. Mwingine nilimtuma akazungumze na ndugu aliyegombana naye tukiwa kwenye kikao cha tatu, kwa sababu mimi nilikuwa na hamu ya kuona matokeo. Mambo yaliharibika, na alikaa wiki tano bila kurudi. Siku hizi, mteja asiposhuka hata kidogo kwenye kipimo tukiwa ndani ya chumba, hatutoki nje na hilo jambo.

Kuna watu ambao chanjo hii si ya kuwaanzia. Anayepigwa nyumbani hahitaji kufundishwa kuvumilia kipigo. Anahitaji usalama kwanza. Anayenyanyaswa na mkubwa wake kazini huenda akahitaji kulalamika rasmi kuliko kupumua. Uliza hayo mapema. Na uliza waziwazi kama mtu anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na jibu likiwa ndiyo, usimwache aondoke bila mpango wa usalama, na mhusishe msimamizi wako siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho ni la ratiba: mteja akipona usimuage moja kwa moja. Panga dozi za kukumbushia mkiwa bado pamoja, na tarehe aandike yeye. Wa ripoti alirudi baada ya miezi mitatu. Alikuwa ameshindwa Jumatatu moja, bosi alimkemea mbele ya watu. Tulikuwa tumeshalizungumza hilo, kwamba siku ya kuteleza itakuja, na alikuwa ameiandalia maneno. Akanionyesha karatasi: ile sentensi ya ukurasa wa pili alikuwa ameifuta, juu yake ameandika nyingine kwa kalamu nyekundu. Sikuombwa kuisoma, nami sikuomba.