Mama anakwenda Memphis

SWALI: Mwanangu wa safu hii, mwezi wa tano nakwenda Marekani kwenye mahafali ya kijana wangu, mji wa Memphis, Tennessee. Nitakaa siku nne, na siku nyingine yeye atashinda kazini. Mimi ni mwanakwaya, napenda muziki, napenda kula, sipendi kukimbizwa. Nianzie wapi? Na je, naweza kumbebea ndizi mshare na kahawa ya shambani kwetu?
Mama wa Pasua, Moshi

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa mahafali.

Nimezungusha watalii kutoka hapa Arusha miaka 14, na kosa lao ni lilelile: asubuhi Manyara, mchana Ngorongoro, jioni hawakumbuki tembo walimwona wapi. Nilipofika Memphis nikafanya hivyohivyo. Wewe usinifuate.

Asubuhi moja nzima itenge kwa ajili ya Lorraine. Ilikuwa hoteli ya kawaida iliyopokea wasafiri Weusi enzi za ubaguzi, na tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye baraza, nje ya chumba namba 306. Tangu 1991 ni makumbusho ya harakati za haki za raia. Mimi nilidhani alifika pale kwa mkutano wa wakubwa. Kumbe alifuata wazoa taka! Februari mwaka huo wawili kati yao walijikinga mvua ndani ya gari la taka, mtambo wa kushindilia ukawasaga. Wenzao wapatao 1,300 wakagoma, wakaandamana na mabango yenye maneno machache tu: mimi ni mtu. Nikawakumbuka kina mama wetu wanaofagia barabara ya Sokoine kabla jua halijatoka. Mwishoni unachungulia kile chumba kupitia kioo, kitanda hakijatandikwa. Nilipokwenda walikuwa wanafunga Jumanne, kwa hiyo kijana aangalie kwanza. Na ukitoka hapo usiunganishe makumbusho nyingine. Nenda ukale.

Nyama choma ya Memphis ni kitimoto, mama, tena iliyopikwa na watu wasio na haraka. Bega la nguruwe linaweza kukaa kwenye moshi wa kuni saa kumi na zaidi. Ukiagiza mbavu utaulizwa: kavu au za mchuzi? Sema kavu, zinakuja zimepakwa viungo vikavu juu, vidole vinabaki vyekundu. Kabichi wanaishindilia ndani ya mkate pamoja na nyama. Mimi niliitoa nikaila pembeni, mhudumu akanitazama.

Lakini wewe utafurahia zaidi The Four Way, mgahawa uliofunguliwa 1946, ambako King mwenyewe alikuwa akila. Kambale wa kukaanga, kunde, mboga za majani zilizochemshwa zikaiva kwelikweli, mkate wa unga wa mahindi. Utadhani uko kwa shemeji yako. Tahadhari moja: ukisema chai tu, utaletewa glasi ya baridi, imejaa barafu na sukari. Mimi niliipuliza kabla sijaiangalia vizuri. Na bei ya kwenye menyu siyo utakayolipa; kodi inaongezwa, karibu asilimia 10, halafu bakshishi ya mhudumu asilimia 15 mpaka 20. Kule inatarajiwa, siyo kama huku.

Jirani na hapo kuna makumbusho ya Stax, studio walikorekodi waimbaji wa muziki wa soul, Otis Redding na Isaac Hayes. Jengo la awali lilibomolewa 1989, likajengwa upya palepale na kufunguliwa 2003. Ndani wameweka kanisa dogo la mbao la kale lililoletwa kutoka vijijini Mississippi, kuonyesha muziki ule ulikotoka. Mwanakwaya ukae hapo. Jumapili, kanisa la Al Green, yule mwimbaji aliyegeuka mchungaji, linapokea wageni. Graceland, nyumba ya Elvis, ni ghali. Kama humpendi Elvis pita.

Beale Street usiende mchana, imelala. Nenda saa moja usiku na kijana wako, msikilize blues, saa tatu mrudi. Cha bure ni bata wa hoteli ya Peabody: saa tano asubuhi wanashuka kwa lifti, wanatembea juu ya zulia jekundu hadi kwenye chemchemi ya ukumbini, saa kumi na moja jioni wanarudi. Ndiyo, bata. Nilicheka peke yangu.

Jioni shuka mtoni, bustani ya Tom Lee. Mwaka 1925 meli ilipinduka kwenye mto huu wa Mississippi, na huyo Tom Lee, mfanyakazi Mweusi mwenye kimashua, akaokoa watu 32. Kuogelea hakujua. Miguu ikiruhusu, vuka daraja la Harahan kando ya reli, karibu kilometa moja na nusu, unaingia Arkansas. Beba kitenge chepesi. Mwezi wa tano huko kuna joto.

Kahawa chukua, iwe imekaangwa, na uitaje kwenye forodha. Mshare ziache Pasua, watakunyang'anya. Mtori mpikie kijana akija Krismasi.