Programu ya Uzito Ikae Kwenye Simu ya Mzazi, Si ya Mtoto

Ukiambiwa kliniki kwamba uzito wa mwanao umezidi, huenda usiku huohuo ukajikuta unapakua programu za afya. Mimi nilifanya hivyo kwa ajili ya binti yangu. Ninachomshauri kila mzazi ni hiki: programu ikae kwenye simu yako, na ifuatilie mazoea ya nyumba nzima.

Chagua yenye chati ya ukuaji. Uwiano wa uzito na urefu wa mtoto (BMI) hausomwi kwa viwango vya watu wazima, vile vya 25 (uzito uliozidi) na 30 (unene). Hulinganishwa na wa watoto wa umri na jinsia yake. Programu isiyouliza hayo mawili, ifute. Urefu nao upime kwa makini: mtoto avue viatu, visigino viguse ukuta, kitabu kigumu kilazwe utosini, ndipo uweke alama. Ukikosea hata sentimita mbili, jibu lote linapotoka. Binti yangu alibaki na kilo zilezile kwa miezi kadhaa huku akirefuka, na mstari wake kwenye chati ukawa unashuka taratibu. Daktari akafurahi. Watoto wengi walio katika kukua hawahitaji kupunguza kilo. Inatosha uzito utulie, urefu uufikie.

Kilichotusaidia zaidi ni kusoma lebo za vyakula kwa kamera ya simu. Kopo la soda la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Tulipoliona hilo, mimi na baba yake ndio tulioacha kwanza. Huwezi kumnyima mtoto kitu unachokunywa mbele yake.

Kuhesabu kalori za mtoto sikubaliani nako, isipokuwa mtaalamu wa lishe ameagiza. Mtoto akizoea kuona sahani yake imegeuzwa namba, na rangi nyekundu ikiwaka kila anapozidisha, anaweza kuanza kukiogopa chakula au kula kwa kujificha. Hilo ni tatizo jingine, tena zito.

Vikumbusho, kwa upande mwingine, navipenda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Simu yangu ikilia jioni, tunatoka wote. Ikilia tena usiku, simu zote zinawekwa sebuleni, yangu ikiwemo, maana usingizi mchache nao huchangia unene.

Kabla ya kujaza taarifa za mtoto, angalia programu inazipeleka wapi.

Na ukiona mtoto anakoroma sana usiku, ngozi ya shingo inakuwa nyeusi na nene, au ana kiu isiyoisha na anakojoa mara kwa mara, usisubiri chati ikwambie kitu. Mpeleke kwa daktari.