Maswali na majibu: Mhandisi anayeomba shule kubwa za biashara

Swali: Nina umri wa miaka 28, ni mhandisi wa ujenzi mwenye miaka mitano kazini, na nilihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa GPA ya 3.4. Nimepata 655 katika GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara. Je, Harvard au Stanford watanifikiria? (Dodoma)

Jibu: Alama hiyo haitakuangusha. Kipimo cha sasa huanzia 205 na kuishia 805, na 645 yake inalingana takriban na 700 ya mtihani wa zamani uliokoma mwanzoni mwa mwaka 2024. Wapo wanaosoma alama mpya kwa mizani ya zamani wakakata tamaa bure. Mushkeli uko kwenye GPA, ambayo kwetu ni daraja la pili la chini. Usijaribu kuigeuza iwe ya Kimarekani: iandike ilivyo, taja kwamba kipimo chake huishia 5.0, na kama kulikuwa na sababu ya kweli, ieleze kwa sentensi mbili tatu bila kulalamika.

Hata hivyo, kinachonipa wasiwasi zaidi ni wasifu ulioniambatishia, ambao umejaa madaraja, nondo na zege, wala haumtaji mtu hata mmoja uliyemsimamia. Waombaji wahandisi ni wengi, na umahiri wao wa hesabu haumshangazi yeyote. Harvard hufundisha kwa visa vya kampuni halisi, darasa zima likijadiliana, kwa hiyo kamati inataka kujua ulifanya nini siku mafundi walipogoma, au mteja alipotaka kazi ikamilike kabla zege halijakomaa, na ni nani aliyebadili msimamo kwa sababu yako. Kwa maombi kama yalivyo leo, nafasi yako katika shule hizo mbili ni finyu. Ukiyaandika upya inakuwa ya kadiri, na bado ningekushauri uombe shule nyingine tatu.

Swali: Nina miaka 34, ni mhandisi wa mitambo ya simu na baba wa watoto wawili. Je, nimechelewa? (Nairobi)

Jibu: Hujachelewa, ila chagua shule kwa kuzingatia umri wako. Katika programu za miaka miwili za Marekani utawazidi wenzako wengi umri, na utakaa muda huo wote bila mshahara. INSEAD, yenye kampasi Fontainebleau nchini Ufaransa na Singapore, humaliza MBA (shahada ya uzamili ya biashara) kwa miezi 10, nayo ndiyo ningeanza nayo. Zipo pia programu za watendaji, ambazo mtu husoma huku akiendelea na kazi.

Swali: Meneja wangu anataka niandike mwenyewe barua ya mapendekezo, yeye atie saini tu. (Muscat)

Jibu: Kataa kwa adabu. Shule zinamtaka yeye mwenyewe aandike, na mtindo mmoja wa uandishi katika insha zako na barua hutambulika upesi. Mpe ukurasa mmoja wa kumkumbusha kazi mlizofanya pamoja. Akiendelea kukataa, tafuta msimamizi mwingine.

Swali: Sina ada. Niache kuomba? (Mwanza)

Jibu: Usiache. Harvard hutoa msaada kwa kuangalia uhitaji, si alama. Stanford ina ufadhili mahsusi kwa raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji, unaolipia masomo kwa sharti kwamba mhitimu arudi barani ndani ya miaka miwili na kufanya kazi huko kwa angalau miaka miwili. Lisome sharti hilo pamoja na mwenzi wako kabla ya kujaza fomu.