Mashine ya umeme kwa miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari: niliyoyapitia

Mtoa mada ameuliza kama mashine ndogo ya umeme aliyoiona dukani itamponya mzazi wake, mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo humwaka moto usiku. Nami nina kisukari, huu ni mwaka wa 14, na mashine hiyo, iitwayo TENS, nimeitumia kwa zaidi ya miaka miwili.

Haiponyi. Mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari haifufuliwi na umeme huu. Kinachotulia ni maumivu, tena kwa saa chache. Hata hivyo kwangu hilo halikuwa jambo dogo, kwani nilikuwa nimefika mahali pa kulala miguu ikiwa nje ya shuka, hata uzito wa khanga siuwezi, na nusu saa ya mashine ilinipa usingizi hadi saa tisa usiku.

Maelezo ya kazi yake hutokana na nadharia ya watafiti wa maumivu, Ronald Melzack na Patrick Wall, ya mwaka 1965, kwamba katika uti wa mgongo pana kitu mfano wa lango, ambalo hisia za mguso zikifika kwa wingi huyabania maumivu njia. Ndiyo maana aliyejikwaa husugua kidole bila kufundishwa. Mashine husugua kwa mipigo ya umeme, aghalabu 80 hadi 100 kwa sekunde.

Sasa kosa langu. Nilibandika vibandiko vya mashine, vile vinavyopitisha umeme kwenye ngozi, chini ya wayo, nisihisi kitu, nikadhani nguvu haitoshi, nikaongeza. Kumbe pale palikwisha kufa ganzi, na kibandiko kimoja, kilichokauka gundi, kilikuwa kimenyanyuka, umeme wote ukapita kwenye ukingo mdogo. Asubuhi mke wangu ndiye aliyeona lengelenge chini ya dole gumba. Lilichukua wiki tano kupona. Mtaalamu wa fiziotherapia alinigusagusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki nikiwa nimefumba macho, na mara nyingi sikujua kama nimeguswa. Tangu hapo nabandika juu ya kifundo, penye hisia kamili, na nguvu naikomesha kwenye mtekenyo usiouma.

Kwa hiyo mzazi apimwe hisia za nyayo kabla hujatoa fedha. Kama ana kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, asiiguse bila idhini ya daktari wake. Penye kidonda pasibandikwe kabisa. Dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu alizoandikiwa, iwe amitriptilini au pregabalini, asiziache kwa sababu ya mashine. Na kama ametumia metformini, dawa ya kushusha sukari, miaka mingi, mwombe daktari ampime vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta ganzi na kuchomachoma vilevile.