Kupaka rangi kalipa za breki: usifungue mpira wa mafuta bila sababu

Umeuliza kama ni lazima kufungua mpira wa mafuta ya breki ili kupaka rangi kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Si lazima, na kama haja yako ni rangi tu, nakusihi usiuguse. Ukiufungua, hewa inaingia, washa mbili za shaba za bolti yake zinatakiwa mpya, na kazi ya kutoa upepo (hewa hiyo) kwenye mfumo wa breki inakusubiri. Tena mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 na DOT 4 yanakula rangi: yakidondokea kalipa uliyokwisha kupaka, inavimba na kubanduka.

Legeza nati za gurudumu gari likiwa chini, zuia magurudumu yanayobaki, inua kwa jeki, likalie stendi, kisha toa gurudumu. Magari mengi madogo yana kalipa iliyoshikwa na bolti mbili za pini. Zikitoka, kalipa inachomoka na pedi zinabaki kwenye breketi, yaani fremu inayoshikilia kalipa. Pistoni (ile inayosukuma pedi) ikihitaji kurudishwa ndani kidogo, angalia chupa ya mafuta ya breki isifurike. Kalipa ifunge kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa mpira wake, mpira unaweza kuumia ndani na kwa nje usione kitu. Pedali isikanyagwe kabisa, pistoni itatoka. Kama nyuma kuna breki ya mkono ya umeme, iweke kwanza katika hali ya matengenezo.

Usafi ndio unaoamua rangi itadumu au la. Vumbi la pedi usilipulize, lina madhara kwa mapafu. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki. Sugua kutu kwa brashi ya waya, kona kwa msasa, osha tena, futa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Brashi isiguse mpira wa vumbi wa pistoni.

Halafu tepu. Ziba mpira huo wa vumbi, nipeli ya kutolea upepo, matundu ya pini, njia za pedi kwenye breketi, na kila uso unaobanwa na bolti. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Rangi kwenye njia ya pedi inaibana pedi isirudi, diski inachemka na pedi inaisha upande mmoja. Rangi chini ya bolti inasagika kwa joto, na bolti iliyokazwa vizuri inalegea.

Tumia rangi ya kuhimili joto iliyotengenezwa kwa kalipa. Kalipa ikiwa bado garini, ya brashi ni bora kuliko ya kupuliza, kwa sababu haitawanyiki kwenye diski. Makoti mawili au matatu mepesi. Koti nene linachuruzika na kubaki laini ndani. Iache siku nzima, au zaidi kama kopo linasema hivyo.

Unaporudisha, pini zipakwe grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira yake. Kaza bolti kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kabla ya kuwasha na kuondoka, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, maana pistoni iliyorudi ndani haijagusa pedi, na kanyago la kwanza linaweza kuzama hadi sakafuni.