Kabla hujafuta folda usiyoijua, soma yaliyonikuta

Juzi usiku kijana mmoja wa chuo aliniandikia: "Kaka, fundi aliniwekea Windows 11 wiki iliyopita, sasa diski C imekuwa nyekundu. Nimekuta folda ya GB 27 inaitwa Windows.old. Sijui imetoka wapi. Niifute?" Akaambatanisha picha ya skrini, na kwenye picha ile mshale wa kipanya ulikuwa umeshakaa juu ya neno Delete.

Nikamjibu neno moja tu: Subiri. Usingizi ukaniruka, maana mshale ule naujua.

Mwaka 2021 dada yangu aliniletea laptopu yake. Diski ya GB 256, imebakiza GB 3, kila akifungua Excel inaganda. Wakati ule nilikuwa fundi anayetegemewa mtaani, watu wananiletea mashine kutoka Sinza mpaka Ubungo, na sifa yangu kubwa ilikuwa wepesi wa mkono. Nikaweka WinDirStat, ile programu inayokuchorea diski nzima kwa visanduku vya rangi ili uone nini kimekula nafasi. Kisanduku kimoja kilikuwa kimemeza karibu robo ya diski: GB 61, ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha machoni pa mtumiaji. Nikaingia. Nikakuta folda yenye jina refu la herufi na namba zisizosomeka, na ndani yake vifolda kwa mamia: 00, 01, 02, 0a, 0b, mpaka ff. Mafaili yake yana majina ya herufi 40, hakuna .jpg wala .mp3 mwishoni, hakuna lolote la kukuambia hiki ni nini. Nikasema hizi ni takataka, pengine hata virusi. Nikabonyeza Shift na Delete kwa pamoja, zisipitie hata kwenye pipa la taka. Baada ya dakika chache diski ikarudi kuwa bluu. Nikampigia dada kwa furaha: mashine imepona.

Ilikuwa bakapu ya iPhone yake. Simu yenyewe aliibiwa kwenye daladala pale Mwenge miezi michache kabla, na alikuwa anadunduliza anunue nyingine ili airudishie vitu vyake. Humo ndimo zilimokuwa meseji za sauti za mama yetu, za WhatsApp. Mama alifariki 2019. Hakupenda kuandika, alikuwa anabonyeza kimaiki anaongea, unasikia jogoo na sufuria nyuma yake, anauliza kama mmekula.

Nililijua hilo miezi miwili baadaye, dada alipopata simu ya mkononi kwa mtu na kuniuliza tunarudishaje. Nilikesha na Recuva, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Majina ya mafaili yakarudi mengi, moyo ukatulia kidogo, lakini kila nililolifungua lilikuwa sifuri tupu mwanzo hadi mwisho. Diski ile ilikuwa SSD, aina mpya isiyozunguka. Windows ikifuta kitu kwenye SSD huiarifu diski kwa amri iitwayo TRIM kwamba nafasi ile imeachwa, na diski inaisafisha yenyewe. Zile diski za zamani za kuzunguka huwa zinakuachia matumaini. Dada hakunigombeza. Alisema, "Basi, mdogo wangu," akafunga laptopu, akaitia kwenye begi. Heri angenigombeza.

Na kinachoniuma mpaka leo ni hiki: kila bakapu ya iPhone ina faili moja liitwalo Info.plist. Ukilifungua kwa Notepad unasoma jina la simu na tarehe ya mwisho ilipohifadhiwa. Lilikuwa palepale, chini ya vifolda vile. Sikushuka hata kuangalia.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na diski yako imejaa, nakuomba. Kwanza soma njia nzima ya folda, kuanzia C mpaka mwisho. Mimi ningeisoma ningekutana na maneno Apple Computer, halafu MobileSync, halafu Backup. Neno Backup lipo, nami nikalipita! Angalia tarehe. Fungua faili moja au mawili. Kama folda haimo ndani ya Windows na bado huielewi, ihamishie kwenye diski ya nje, kaa nayo mwezi mzima, ndipo uifute. Na Shift pamoja na Delete, achana nayo kabisa.

Folda za Windows yenyewe usizishike kwa mkono. WinSxS, ghala la vipande vya Windows, inatisha kwa ukubwa, lakini mafaili yake mengi ni yaleyale yanayotumika kwingine ndani ya Windows, yanahesabiwa mara mbili. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kama msimamizi, andika Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore, utaona ukubwa wake halisi na kama inahitaji kusafishwa. Ile iitwayo Installer, ndani ya folda ya Windows, ukiifuta leo utajuta siku unayotaka kuondoa au kusasisha programu ikagoma. Faili la hiberfil.sys huondoka kwa amri powercfg /h off, na laptopu haitalala tena kwa mtindo wa hibernate, ule wa kuzimika huku kazi uliyoiacha imehifadhiwa kwenye diski. Mengine iachie Disk Cleanup, programu ya Windows yenyewe ya kusafisha diski. Inajua cha kugusa.

Mafundi wenzangu, hili nalisema kwenu hasa. Tangu Windows 10 ilipoachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, watu wanatuletea mashine kila siku tuwapandishie toleo. Mteja anasubiri kwenye benchi, anaangalia saa, na wewe unataka kumwonyesha nafasi imerudi. Muulize kwanza. Muulize aliwahi kuunganisha simu kwenye mashine hii, muulize picha za harusi ziko wapi, muulize hata kama anakereka. Mimi dada yangu alikuwa chumba cha pili, anapika, na sikumwita.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Windows.old ndiyo Windows yako ya zamani. Kama fundi alichagua kutobakiza kitu wakati wa kupandisha toleo, basi nyaraka zako zote zimesukumwa humo. Na Windows huifuta yenyewe siku 10 baada ya kupandishwa, haikuulizi. Uliniambia leo ni siku ya 6. Fungua Windows.old, ingia Users, ingia kwenye jina lako, tazama Desktop na Documents, nakili kila kilicho chako kwenye fleshi. Una siku 4.